Kijiji Kilichorukwa

Asubuhi niliyoletewa habari ya kifo cha dada yangu Shoua, nilikuwa nimekaa kizingitini natarizi ukosi wa shati la mwanangu, kuku wakigombania punje za mahindi miguuni pangu. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Nilikuwa nanung'unika kwamba uzi mwekundu wa siku hizi unachuja ukiguswa na maji. Hayo ndiyo yaliyokuwa matatizo yangu asubuhi ile.

Wenye midomo yao wamekwisha kuyasimulia haya, tangu kijiji cha Pha Nok mpaka huku nilikoolewa, na katika masimulizi yao mimi ndiye mbaya. Basi leo nasema mimi.

Shoua alikuwa mkubwa wangu, mcheshi, mwenye kishimo shavuni ambacho hakikutoweka hata alipokasirika. Alikuwa na farasi jike wa rangi ya majivu, na alimpenda kuliko alivyompenda mumewe, Sai Koua. Wala hakuficha. "Huyu nikimwita anageuka," alizoea kusema, mume mwenyewe akiwa amekaa pale pale. "Yule mwingine mpaka asikie harufu ya nyama." Kila siku alipotoka shambani kapu lake lilijaa majani mabichi ya farasi, na kuni alizibeba juu yake.

Hakuwa na mtoto. Alizaa mmoja tu, wa kike, enzi wanalima Houay Dam kabla ya kuhamia Pha Nok, na tukaambiwa mtoto alikufa siku ile ile aliyozaliwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwali nyumbani kwa mama. Nilikuwa nimemtarizia mtoto mbeleko ya katani yenye nakshi za konokono, nikampa kaka yetu mkubwa, Nao Pheng, aipeleke. Aliporudi alisema mtoto hakuwahi kubebwa nayo akiwa hai, ila alizikwa nayo. Nililia, halafu nikajifariji kwamba angalau hakuingia udongoni uchi. Sikuwahi kumgusia Shoua jambo hilo. Kwetu Wahmong, mtoto aliyekufa hatajwi mbele ya mama yake.

Nilipofika Pha Nok kwenye msiba, ngoma ilikuwa imekwisha kutundikwa nguzoni na mpiga filimbi za mianzi anaizunguka. Shoua amelazwa kando ya ukuta, miguuni amevishwa viatu vya katani vya safari. Babu Blong, mzee anayejua wimbo wa kuonyesha njia, alikuwa amekaa kando ya kichwa chake, jogoo mmoja wa kumwongoza safarini kando yake na vipande viwili vya mwanzi mkononi, vile anavyovitupa chini kumwuliza maiti kama amesikia: kimoja kikitazama juu na kingine chini, amekubali.

Kwetu mtu akifa hurudi alikotoka. Anapita kila mahali alipowahi kuishi, moja baada ya jingine, anawalipa wenyeji wasioonekana wa pale kwa maji aliyokunywa na kuni alizochoma, mpaka afike nyumba aliyozaliwa. Huko, chini ya kitanda cha wazazi wake, kondo lake lilizikwa. Lile ndilo vazi lake la kwanza, na asipolivaa mababu hawamtambui. Anayemwonyesha njia akiruka kijiji kimoja, roho inakwama pale pale iliporukwa. Hili hata mtoto wa kuchunga nguruwe analijua.

Sai Koua akataja vituo. "Pha Nok, hapa tulipo. Keo Lom, kwa baba yangu. Kisha kwao, Phou Tia."

Nilingoja. Hakuongeza kitu.

Nikamsogelea Nao Pheng. "Kaka, wamelisahau Houay Dam."

"Nyamaza."

"Wamekaa kule mpaka wakavuna mara mbili."

"Lile lilikuwa banda la shamba. Banda halihesabiwi."

"Banda lenye kaburi, kaka?"

Akanibana kifundo cha mkono, akitabasamu huku akitazama wageni.

Babu Blong akaimba, akamtoa Shoua kitandani, akamtoa mlangoni, akamtoa Pha Nok. Alipotupa mwanzi kuuliza kama amefika Keo Lom, mwanzi ukakataa. Akatupa tena. Ukakataa tena. Jasho likamtoka yule mzee. Akanyamazisha ngoma.

"Kuna kijiji mmekiruka?" akauliza.

Sai Koua alikuwa anatazama sakafu. "Hakuna, babu."

Nikasimama. Mwanamke hasimami pale, najua, lakini nilisimama. "Kuna Houay Dam!"

Nao Pheng akainuka taratibu. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa upande wa waliomzaa marehemu, na kwenye msiba wetu neno la mtu huyo halina rufaa. Tulimtegemea awe mdomo wa Shoua. "Mtusamehe," akasema kwa sauti ya asali. "Mdogo wangu msiba umemvuruga. Siku hizo yeye alikuwa anacheza na sindano kwa mama. Aliyekuwa akiwatembelea ni mimi. Hakuna Houay Dam."

Watu wakanionea huruma, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mama mmoja akanishika mkono. "Njoo jikoni shoga, tuchambue mboga." Nyuma yangu nikasikia mwanzi unatupwa tena, safari hii ukakubali. Baadaye kuna walionong'ona kwamba Sai Koua aligeuza kipande kimoja kwa kidole cha mguu.

Siku ya kumi na tatu tunamwita marehemu aje ale nasi mara ya mwisho. Majivu yananyunyizwa kizingitini, kisha yanatazamwa. Ukiona alama, hata kama ya mguu wa ndege, amekuja. Yale yetu yalikuwa laini vile vile yalivyonyunyizwa. Babu Blong aliyainamia kwa muda mrefu. "Hakuja," akasema, na Sai Koua akamwaga kikombe chake cha pombe ya mahindi.

Nilipokwenda mtoni kuosha sufuria, yule mzee akanifuata.

"Binti, hilo Houay Dam, njia yake unaijua?"

"Naijua, babu."

"Basi twende. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na mimi kilio hiki nimekiimba kwa mdomo wangu."

Tulifika kabla ya saa sita mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia babu akikohoa nisimwone. Kijiji kilikuwa kimekufa siku nyingi. Nyumba zimelala chini, magugu yamezifunika. Kwa Shoua zilibaki nguzo na mafiga matatu. Hakuna ndege aliyelia.

Babu Blong akachutama penye mafiga, akaweka kiganja juu ya majivu. Akakitoa haraka.

"Ya moto," akanong'ona.

Pembeni palikuwa na lundo la majani. Mabichi. Yamekatwa kwa mundu, yamepangwa vizuri, mizizi upande mmoja na ncha upande mwingine, vile alivyokuwa akiyapanga mtu mmoja tu ninayemjua. Niliyagusa. Yalikuwa na umande.

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Lile kaburi dogo lilikuwa wazi.

Halikuchimbwa kwa jembe. Udongo ulikuwa na mifereji ya vidole, kumi, imeshuka sambamba mpaka chini. Nikachungulia. Hapakuwa na mfupa. Palikuwa na jiwe la mtoni, jeupe, la ukubwa wa kichanga.

Hapakuwa na kingine pale. Jiwe.

Na kando, juu ya nyasi, kilikuwa kimetandazwa kitambaa. Katani haiozi upesi. Pembe zilikuwa zimeliwa, lakini katikati konokono wangu walikuwa bado wanaonekana. Kilikuwa kimekung'utwa udongo, kikanyooshwa kila upande, na nyasi za mbele yake zilikuwa zimelala, za mahali mtu alipokaa akakitazama sana. Kila mwanamke wa kwetu anaujua mkono wake katika uzi. Na dada yake anaujua.

"Babu," nikasema, "hii ni kazi yangu."

Babu Blong akarudi nyuma, akaniacha peke yangu.

Niliporudi Pha Nok nilimkuta Nao Pheng anawamwagia nguruwe makombo. Nilimtupia kile kitambaa kifuani. Alikitazama, akakaa juu ya gogo, akazeeka mbele ya macho yangu.

"Mwaka ule panya walikula mpunga wote," akasema. "Shoua alikuwa na homa ya uzazi, hajitambui. Mjini kulikuwa na Mlao mwenye duka la supu, yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Sai Koua akaniomba nimpeleke mtoto kwao. Tulizika jiwe ili majonzi yaishe. Huku juu angekufa tu, Nou."

"Mkapewa nini?"

Macho yake yakakimbilia upande wa zizi la Sai Koua, na hapo nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Farasi," nikasema.

"Farasi."

"Shoua alimkatia majani kila siku ya Mungu, kaka. Mgongo ulipinda kwa kumbebea majani."

"Na alimpenda," akajibu, kana kwamba hilo ni utetezi.

Nilitaka kumtemea mate. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini huyu alikuwa zaidi ya nguo. Huyu alikuwa ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa nikijifunza kutembea.

Niliporudi kwa Babu Blong na kumweleza, alifumba macho. "Mama aliyekuta kaburi tupu hakai hapo," akasema. "Anamfuata mtoto. Na maiti akimfuata mtoto wake hana nia mbaya, anataka kumkumbatia tu. Kumkumbatia huko ndiko kunakoua. Wahi mjini."

Niliwahi. Nililikuta duka la supu karibu na soko, jua linawaka, watu wanakula. Kwenye kona alikaa msichana amejifunika blanketi. Walimwita Bouavanh. Alinigeukia, nikaona kishimo cha Shoua shavuni.

Mama aliyemlea alinihudumia supu huku akilalamika. "Wiki nzima hali. Hospitali wamempima kila kitu, wanasema mzima. Mzima gani huyu anayelala mchana kutwa?"

Msichana akaniinamia. "Mama," akaninong'oneza kwa Kilao, "yule mwenye kapu ni ndugu yako? Mnavaa nguo za aina moja."

"Mwenye kapu yupi, mwanangu?"

"Yule pale. Chini ya nguzo ya umeme. Anakuja kila siku. Mwanzoni alikuwa anasimama kule mwisho wa barabara. Anasogea."

Nikageuka. Pikipiki zilikuwa zinapita. Chini ya nguzo hapakuwa na mtu.

"Hasemi kitu," Bouavanh akaendelea. "Huwa ananichekea tu."

Akajivuta ndani ya blanketi.

"Amekuona," akasema. "Mama, mbona anakutazama vibaya hivyo?"

Babu Blong alisema njia bado inaweza kufunguliwa, lakini si kwa wimbo peke yake. Mmoja wa waliompeleka mtoto mbali na mama yake lazima asimame Houay Dam, aseme kweli kwa mdomo wake, Shoua asikie, aridhike, aondoke. Sai Koua aliposikia hivyo akakumbuka ghafla kwamba ana jamaa wagonjwa ng'ambo ya mpaka, na hajarudi mpaka leo. Akabaki Nao Pheng. Nilimwambia asipokuja nitasimama katikati ya soko mbele ya Wahmong wote na kuitaja bei ya mtoto wa dada yake. Akaja.

Ilikuwa mchana. Ukungu tena. Babu Blong akachoma pesa za karatasi za kuwalipa wenyeji wa pale, akamwaga pombe, akamwita Shoua kwa jina, akamwomba aondoke. Akatupa mwanzi. Ukakataa.

"Sema, Nao Pheng."

Kaka akapiga magoti mbele ya lile shimo.

"Shoua, mdogo wangu. Mtoto wako hakufa. Hapa hakuzikwa mtoto. Mtoto alipelekwa."

Nyasi zikalala, upande wa pili wa kaburi.

Hapakuwa na upepo. Zililala mahali padogo, pa mguu. Hazikuinuka. Kisha zikalala karibu zaidi. Kisha karibu zaidi. Nilisikia kapu likilia, ule mlio wa kamba ya begani inapobeba uzito.

"Alipelekwa na nani?" Babu Blong akanong'ona. "Malizia. Malizia upesi."

Nao Pheng alizitazama nyasi. Halafu akanitazama mimi. Macho yale nayajua. Tulipokuwa watoto, baba akikuta muwa umevunjwa na fimbo iko mkononi, Nao Pheng alikuwa akinitazama hivyo hivyo.

"Ni Nou," akasema.

Sikuelewa. Kweli, kwa muda nilidhani ameniita.

"Wazo lilikuwa la Nou. Alikuonea wivu. Akatarizi sanda ya jiwe, akatutuma. Kitazame kitambaa, Shoua. Huo ni mkono wa nani?"

Mwanzi ukaanguka. Babu Blong aliapa baadaye kwamba hakuutupa, kwamba ulimtoka vidoleni wenyewe. Kipande kimoja kiligeuka juu, kimoja chini. Umekubali. Akaurusha tena, ukakubali. Nyasi zikainuka moja moja, na kwenye mafiga yale majivu yakapoa.

"Amekwenda," babu akasema. "Ameshika njia."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Shoua, anakudanganya! Rudi unisikilize! Sikujua! Mimi siku..."

Kiganja cha Babu Blong kikanifunga mdomo, kinanuka moshi.

"Usimwite!" akaniambia sikioni. "Ukimwita sasa atageuka. Na akigeuka, unadhani atakuja kwako? Atapitia kwa mtoto."

Njiani kurudi Nao Pheng alitembea mbele yangu, mabega yamelegea, mtu aliyetua mzigo. Tulipofika penye njia panda alisimama kunisubiri.

"Haya, imekwisha, mdogo wangu," akasema. "Mtoto atapona. Dada amefika kwao. Sasa wewe umepungukiwa nini?"

Sijamjibu mpaka leo.

Mtoto alipona, hilo siwezi kulikana. Jioni ile ile alikula mabakuli matatu ya supu, mama yake akacheka mpaka akalia. Siku hizi ameolewa, anaendesha duka yeye mwenyewe, na mimi nikienda mjini nakula pale. Ananiongezea nyama bila kuniuliza. Hajui mimi ni nani wake. Hajamwona tena yule mama wa kapu.

Mwaka Mpya ulipofika, mume wangu alisimama mlangoni kuziita roho za watu wa nyumba yetu ziingie, tusianze mwaka tukiwa nusu nusu. Kila mtu huwekewa yai lake. Likishachemshwa linamenywa na kusomwa: likiwa laini, roho ya mtu iko nyumbani imetulia; likibonyea, kuna mwenye kuishika. La mume wangu lilikuwa laini. Ya wanangu pia. Nao Pheng alijitapa sokoni kwamba la kwake lilikuwa laini kama shavu la mtoto.

La kwangu ganda lilikuwa zima, bila ufa. Nililigeuza mwangani kabla ya kulimenya, na wote waliona. Ganda lilipotoka, ule ute mweupe ulikuwa umebonyea. Upande mmoja mabonyeo manne. Upande wa pili moja, kubwa zaidi. Mama mkwe wangu alilifunika kwa wali haraka, akawaambia watoto watoke nje wakacheze.

Mwaka uliofuata mabonyeo yalikuwepo tena. Kila mwaka yapo, na kila mwaka yanazama zaidi. Safari hii kidole gumba kimefika kwenye kiini.

Babu Blong amekwisha kufa. Aliniambia kabla hajafa kwamba njia bado ipo: niende Houay Dam, nimwite Shoua kwa jina lake, nimweleze. Atanisikia. Atageuka, na mahali atakaposimama kwanza njiani patakuwa mjini, kwenye duka la supu, kwa msichana mwenye kishimo shavuni ambaye sasa ana mimba.

Kwa hiyo kila Mwaka Mpya watu wakishatoka, nakaa peke yangu mezani. Nalila lile yai lote, pamoja na alama zake, kisha naosha bakuli.